Maswali ya Wasomaji: Ukishafuta historia ya simu, ni nani bado anaona?

Barua za mwezi huu kutoka Lamu na Malindi zimeshikana kwa jambo moja, nalo ni namna ya kufuta kumbukumbu za mtandao katika simu na kompyuta, na iwapo dirisha la siri la kivinjari linamsitiri mtu kweli. Naanza na barua iliyonikaa moyoni zaidi, ambayo mwenyewe ameomba jina lake lisitajwe, nami nitakaa nayo kwa kitambo kabla ya kuzijibu nyingine.

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, mjini Lamu. Nyumbani tuna simu moja kubwa tunayoitumia sote, aliyotuletea shemeji yangu anayefanya kazi Mombasa, na yeye ndiye aliyeitengeneza mpaka ikaanza kutumika. Majuma mawili yaliyopita niliona uvimbe kwenye titi, na kabla ya kumwambia mtu yeyote nilitafuta habari zake mtandaoni usiku, watoto walipokuwa wamelala. Kulipokucha mtoto wa wifi yangu aliichukua simu kuangalia mechi za UEFA. Akaandika herufi u, na simu ikamalizia yenyewe: uvimbe kwenye titi. Akayasoma kwa sauti mbele ya mavyaa wangu. Jirani amenielekeza nikafuta historia. Je, imefutika kweli? Na nikitaka kuendelea kusoma, lile dirisha lenye picha ya kofia na miwani litanisitiri?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu, na pole sana kwa yaliyokufika.

Kabla ya simu nitatanguliza afya yako. Uvimbe mwingi wa titi hauwi saratani, lakini hakuna ukurasa wa mtandao unaoweza kukwambia wako ni wa namna gani, kwa kuwa hilo hujulikana kwa kupimwa. Tafadhali nenda hospitali wiki hii, hata kama bado hujapata la kusema nyumbani. Daktari na muuguzi wana wajibu wa kuitunza siri ya mgonjwa.

Sasa nije kwenye swali. Alichokuelekeza jirani ni sahihi ila hakitoshi, kwa sababu maneno uliyoyaandika usiku ule hayakuhifadhiwa mahali pamoja. Kivinjari, yaani programu kama Chrome, Firefox, Opera au Safari tunayofungulia mtandao, kina daftari lake ndani ya simu, ambamo huandika kila ukurasa uliofunguliwa pamoja na siku na saa. Chrome huonyesha katika daftari hilo kurasa za siku 90 zilizopita. Herufi moja ya mtoto ilitosha kwa sababu kivinjari hulipekua daftari hilo kila mtu anapoanza kuandika, kwa nia ya kumpunguzia kazi mwenye simu, wala hakina njia ya kutambua kwamba kidole cha usiku na kidole cha asubuhi ni vya watu wawili.

Katika Chrome ya Android, gusa vidoto vitatu vilivyo pembeni juu, fungua historia, kisha chagua kufuta data ya kuvinjari. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Simu huuliza ufute ya muda gani, kuanzia dakika 15 zilizopita hadi muda wote, na mwenye haraka huukubali muda mfupi uliotangulizwa. Ikiwa ulitafuta usiku, kisha jioni ya siku ya pili ukafuta ya saa moja iliyopita, umeondoa yale ya jioni na yale ya usiku yamebaki yalivyo. Mwenye iPhone huyafanya hayo ndani ya mipangilio ya simu, chini ya jina la Safari.

Hata hivyo sikushauri ufute kila kitu. Katika simu ya watu wengi, daftari tupu nalo huzusha maswali, na ukifuta pamoja na vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti huweka kwenye kivinjari ili zikutambue ukirudi, watu wa nyumbani watajikuta wametolewa kwenye tovuti walizokuwa wameingia na kuulizwa nenosiri upya. Kwa simu ya pamoja ni bora kuifungua orodha ya historia, kuutafuta ukurasa wenyewe, na kuuondoa huo peke yake kwa kugusa alama ya kufuta iliyo kando ya jina lake. Na ukiona maneno yako yanajitokeza tena kwenye mapendekezo, yabonyeze bila kuachilia mpaka simu ikuulize kama unataka kuyaondoa.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi limo katika ile sentensi yako fupi, kwamba shemeji ndiye aliyeitengeneza simu. Simu nyingi za Android huomba akaunti ya Google siku ya kwanza, na mtu anayewatengenezea jamaa zake simu mara nyingi hutia akaunti yake mwenyewe ili kazi iishe. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, basi uliyoyatafuta kwa Google usiku ule huenda yameandikwa pia katika kumbukumbu za akaunti yake, ambazo hazikai Lamu wala Mombasa bali kwenye kompyuta za Google, na yeye akifungua ukurasa wa Shughuli Zangu katika simu yake mwenyewe anaweza kuyakuta pamoja na saa zake. Simtuhumu shemeji, pengine hata hajui kwamba ukurasa huo upo. Lakini kulifuta daftari la kivinjari hakuyaondoi yaliyo kwenye akaunti, na ndiyo maana mtu hufuta leo, kisha kesho akayaona maneno yaleyale yamerudi yakiwa na kialama cha saa pembeni.

Hakikisha hivi. Fungua Chrome, utazame duara dogo lililo juu upande wa kulia. Ukiligusa litakuonyesha barua pepe ya akaunti iliyomo. Ikiwa ni yako, ingia myactivity.google.com, itafute siku ile, ufute unayotaka moja moja, kisha uweke mpangilio wa kujifuta, ambao hukupa kuchagua miezi 3, 18 au 36. Mimi ningechagua 3. Ikiwa ni ya shemeji, usiiondoe kwa haraka, kwa sababu nakala za WhatsApp na orodha ya majina ya nyumba nzima huenda vimehifadhiwa humo. Mwambie kwamba simu ya nyumbani inahitaji akaunti ya watu wa nyumbani, jambo ambalo ni kweli na halidai maelezo zaidi, naye aje kuibadilisha au amwelekeze mtu unayemwamini. Baadhi ya simu za Android pia huruhusu watumiaji zaidi ya mmoja, kila mmoja akawa na sehemu yake yenye nenosiri lake. Tazama katika mipangilio kama yako ni miongoni mwa hizo.

Sasa lile dirisha la kofia na miwani. Google wameliita Incognito, na ukiiweka simu katika Kiswahili utalikuta kwa jina la Hali Fiche. Safari ilikuwa na dirisha la namna hiyo tangu 2005, Chrome ikalitoa 2008, na Firefox pamoja na Internet Explorer zikafuata 2009. Kazi yake ni kuvinjari bila kuandika kwenye daftari la simu: ukilifunga, kurasa ulizofungua, maneno uliyojaza na vidakuzi vilivyowekwa huondoka. Kwa kawaida pia halitumii akaunti iliyo kwenye simu mpaka uingie mwenyewe, kwa hiyo unayotafuta humo hayaendi kwenye Shughuli Zangu za shemeji.

Nyumba ya kale ya Lamu ilijengwa kwa kuhesabu sitara. Mgeni huketi daka, yaani kibaraza cha mlangoni, akikaribishwa hupita tekani, kiukumbi cha kuingilia, ambapo njia imepindwa makusudi ili jicho lisipenye, na ndani hapafiki ila aliyeitwa. Dirisha la siri la kivinjari ni kinyume cha mpango huo: huwafungia walio ndani ya nyumba, yaani wale watakaoishika simu baada yako, na huwaacha walio nje waone kama kawaida. Kampuni ya simu inayokuuzia bando bado inaiona safari yako, na tovuti uliyoitembelea inajua kwamba kuna mtu aliyefika na kutoka mtandao gani. Hawaoni vitu sawa, lakini. Anwani ikianza kwa https, kampuni ya simu huona jina la tovuti tu, haioni ukurasa uliousoma wala ulichoandika humo. Aliyekaa gatini Mokowe anakuona umepanda boti ya kwenda Lamu, ila hajui kilichomo kikapuni mwako.

Jambo hili limewachanganya watu wengi, mpaka likafika mahakamani. Mwaka 2020 watumiaji wa Chrome huko California waliishtaki Google wakidai kwamba iliendelea kukusanya taarifa zao hata walipokuwa ndani ya Incognito, na mwaka 2024 kampuni hiyo ilikubali, katika mapatano ya kesi, kuharibu mabilioni ya kumbukumbu zilizokusanywa na kuyarekebisha maelezo yanayotokea dirisha linapofunguliwa. Nawasihi wasomaji wayasome maelezo hayo mara moja kwa utulivu, maana wengi huyapita mbio kila siku kama watu wapitavyo tangazo la ukutani.

Kwa hali yako, dada, dirisha hilo linafaa, kwa sababu unaotaka kujisitiri nao ni watu wa nyumbani. Lifungue kabla hujaandika neno. Usitumie kile kisanduku cha Google kilicho kwenye uso wa simu, kwa kuwa hicho kiko nje ya dirisha na huandika kwenye akaunti. Usipakue faili, kwani faili iliyopakuliwa hubaki kwenye simu hata dirisha likifungwa. Ukimaliza usiiweke simu chini tu, bali funga vichupo vyote, yaani kurasa zote ulizoziacha wazi humo. Android huacha kijitaarifa juu ya skrini mpaka vifungwe, na ukikigusa hicho hufungika kwa pamoja. Katika mipangilio ya Chrome, sehemu ya faragha na usalama, unaweza pia kuweka kwamba vichupo hivyo vidai alama ya kidole au namba ya siri kila mtu anapotoka na kurudi, ila kumbuka kwamba simu yenu ina mikono mingi, na aliyesajili kidole chake anafungua.

Niongeze moja, kwa kuwa umeandika kana kwamba umefanya kosa. Kutafuta habari za mwili wako kwa siri si aibu wala si udanganyifu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imezitaja taarifa za afya miongoni mwa zile zinazohitaji uangalizi wa pekee. Sheria hizo zinazibana kampuni na ofisi zaidi kuliko ndugu zetu, lakini msingi wake ni uleule: siri ya mwili wako ni yako kuitoa kwa umtakaye na wakati uutakao.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja Malindi. Usiku wageni wakishalala natumia kompyuta ya hoteli kutafuta kazi kwingine, na kila mara hufungua dirisha la siri. Mwenzangu ananiambia meneja anaweza kuona. Ni kweli?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Mwenzako amesema kweli, na ningependa uache leo hii.

Kompyuta si yako na mtandao si wako. Dirisha la siri linakulinda na yule wa zamu ya asubuhi atakayefungua historia, lakini waifai ya hoteli inapita kwenye kisanduku ambacho mwenye hoteli, au fundi wake, anaweza kukiweka kiandike majina ya tovuti zote zilizofunguliwa na kompyuta iliyozifungua. Ikiwa juu ya hayo kompyuta imewekewa programu ya usimamizi, programu hiyo inaweza kuona skrini yenyewe, na hapo hata https haisaidii, kwa sababu kinachotazamwa ni kile kile ukionacho wewe. Sheria ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe kwamba anazikusanya na kwa madhumuni gani, kwa hiyo ni haki yako kuuliza kazini kama kompyuta zinasimamiwa. Ila kuuliza ukiwa katikati ya kutafuta kazi nyingine kuna athari zake, nawe unaijua hoteli yako kuliko mimi.

Tumia simu yako na bando lako mwenyewe. Usidhani kwamba simu yako ikiwa kwenye waifai ya hoteli umeokoka, kwani njia ni ileile. Watu wengine watakushauri uweke VPN, yaani programu inayoupitisha mtandao wako kwa kampuni nyingine kwanza. Hiyo hufunga mzigo wako usionekane na mwenye waifai, lakini mzigo unafunguliwa upande wa pili, kwa mwenye VPN, naye ndiye anayeona sasa. Ya bure isiyojulikana mwenyewe ni nani, mimi singeiweka kwenye simu ambayo inapokea barua za kazi na pesa zangu. Kivinjari cha Tor hupitisha mzigo kwenye vituo vitatu ili pasiwe na mmoja anayejua mwanzo na mwisho wa safari kwa pamoja, na ni kazi nzuri iliyofanywa kwa nia njema, ila ni kizito kwa mtandao wetu na ni kikubwa mno kwa shida yako. Bando la usiku litakutosha.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi kutoka Faza. Nikija Lamu mjini huingia saiba kujaza fomu za chuo na kuchapisha vyeti. Mwenye saiba ni mtu mwema, lakini nahofia wanaokuja baada yangu. Nifanye nini kabla ya kuondoka?

JIBU: Linalofaa zaidi hufanywa kabla ya kuanza. Fungua dirisha la siri ukiketi tu: katika Chrome bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja, na katika Firefox ni Ctrl, Shift na P. Fanya kazi yako yote humo. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nenosiri, kataa. Ukimaliza toka kwenye kila akaunti kwa kitufe chake, kisha funga madirisha yote ya siri, siyo moja, kwa sababu dirisha moja likibaki wazi chini ya mengine, kazi yako bado ipo na anayefuata ataikuta. Ikiwa umeshafanya kazi katika dirisha la kawaida, Ctrl, Shift na Delete zitakuletea mahali pa kufuta. Chagua muda wote.

Hilo ni nusu ya kazi. Vyeti ulivyovipakua ili vichapishwe vimebaki kwenye folda ya vipakuliwa, na cheti cha shule kina jina lako kamili na namba yako ya mtihani. Nenda kwenye folda hiyo, uvifute, kisha ukavifute tena kwenye pipa la taka la kompyuta. Ikiwa ulimtumia mwenye saiba kwa WhatsApp ili akuchapishie, muombe avifute mbele yako. Mtu mwema hatakasirika. Ikiwa wewe mwenyewe ulifungua WhatsApp kwenye kompyuta, tazama katika simu yako sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uikate kompyuta ile.

Nami yamenipata. Niliwahi kutuma makala kutoka saiba moja mjini, nikaitika wito wa boti iliyokuwa inaondoka, na barua pepe yangu ikabaki wazi. Nilikumbuka tukiwa tumeshaipita Manda, nikapatwa na baridi juani. Kilichoniokoa ni kwamba akaunti ya Google, katika sehemu ya usalama, huonyesha orodha ya vifaa vyote vilivyoingia, na unaweza kukitoa kimojawapo ukiwa mbali. Niliitoa kompyuta ile kwa simu, nikabadilisha nenosiri kabla ya kushuka. Jifunze mahali hapo palipo kabla hujapahitaji, kwa sababu kupatafuta huku mikono inatetemeka ni kazi ngumu.

Kuna jambo moja ambalo dirisha la siri haliwezi kulizuia: kompyuta iliyowekewa programu inayonasa kila herufi inayobonyezwa. Kwa hiyo mambo ya pesa usiyafanye saiba kabisa.

SWALI: Nina kijana wa miaka 12 hapa Shela. Kila jioni nilikuwa natazama historia ya simu yake. Sasa naikuta tupu. Nafikiri amejifunza hilo dirisha la siri. Naweza kulifunga?

JIBU: Unaweza, mzee wangu. Google wana huduma iitwayo Family Link, ambayo humpa mtoto akaunti iliyo chini ya mzazi, na katika Chrome ya Android akaunti ya namna hiyo haifungui Incognito. Ndani yake pia utaweka saa za kutumia simu na utaruhusu au kukataa programu anazotaka kuziweka.

Lakini niseme ninavyoona, nawe ni baba, utapima. Kijana wa miaka 12 anayefuta historia huenda anaficha ubaya, na huenda anaficha maswali kuhusu mwili wake unaobadilika, ambayo hawezi kukuuliza wewe. Ukimwekea kufuli bila neno, atakwenda kwenye simu ya rafiki, na huko huna ufunguo. Mwambie kwanza kwamba unaiweka huduma hiyo, umweleze itaonyesha nini na haitaonyesha nini, kisha umtajie mtu mmoja, mjomba au ami, anayeweza kumuuliza bila ya maneno kurudi kwako. Kumpeleleza kwa siri, akija kugundua, kutamfunza kwamba siri ya mtu ni kitu cha kuibwa.

SWALI: Nilitafuta bei ya cherehani mara moja tu. Tangu siku hiyo matangazo ya cherehani hayanibanduki, hata kwenye magazeti ninayosoma mtandaoni. Nimeshanunua Malindi zamani! Kufuta historia hakujasaidia.

JIBU: Hakujasaidia kwa sababu matangazo hayo hayalisomi daftari la historia. Yanafuata vidakuzi, yaani vijifaili vidogo ambavyo tovuti huviweka kwenye kivinjari chako ili ikutambue ukirudi. Lou Montulli alivibuni mwaka 1994 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape, wakati ambapo tovuti zilikuwa zinamsahau mgeni kila anapofungua ukurasa mpya. Kazi yake ya asili ni njema, na bila hivyo ungelazimika kuingia akaunti yako upya kila hatua. Tatizo ni kwamba kampuni ya matangazo ambayo imeweka tangazo lake katika duka la cherehani na katika gazeti lako inaweza kukiweka kidakuzi chake pande zote mbili, ikakuona unavyotoka huku na kuingia kule.

Kwa hiyo futa vidakuzi, siyo historia peke yake. Safari na Firefox huzuia wafuatiliaji wengi wa namna hiyo bila kuombwa, na Chrome huwazuia zaidi ukiwa ndani ya Incognito. Ikiwa unaona cherehani hata ndani ya Facebook, hilo linatoka kwenye akaunti yako, na utalizima ndani ya mipangilio ya matangazo ya akaunti hiyo, kwa sababu huko wanakujua kwa jina.

SWALI: Je, kufuta historia kunaokoa bando?

JIBU: Hapana. Historia ni maandishi machache tu. Ukifuta na zile picha na faili ambazo kivinjari kimeziweka akiba, unapata nafasi kwenye simu, lakini bando linaumia, kwa kuwa kurasa unazozirudia kila siku zitapakuliwa zote upya. Simu isipokuwa imejaa, ziache zilivyo.